Uzi wa The Simpsons: picha za Maggie zilikuwa wapi, na kwa nini tulichekeshwa kwanza

FundiSaa:
Wakuu salama? Uzi mrefu huu, ambaye hana haraka abandike maji ya chai kabisa.

Jana usiku nimerudia ile episodi ya katuni ya The Simpsons inaitwa And Maggie Makes Three, sizoni ya 6, ilirushwa Marekani Januari 22, 1995, skripti kaandika Jennifer Crittenden. Niliiona utotoni nikacheka, nikaiona chuo nikacheka, jana nimeiona nina binti wa miezi mitano kalala kifuani, pale mwisho kicheko kikagoma kutoka, waifu akaniuliza wewe unaumwa? Sasa leo nataka tuifumue kama nguo tuone imeshonwaje maana mimi siamini kama ilikuwa bahati, kuna mtu alikaa na sindano pale.

Ambaye hajaiona atoke sasa hivi, namwaga mboga yote.

Inaanza familia ipo mbele ya tivii wanaangalia kipindi cha boti inayoongea na kukamata wahalifu. Boti! Watoto wanalalamika kwamba kila mara lazima utokee mfereji au mkono wa maji ili boti ipate pa kupita, baba yao Homer anakuja juu kabisa, hataki kusikia neno lolote baya kuhusu boti. Unacheka unapita. Ila angalieni walichofanya, hata hadithi haijaanza waandishi wameshakwambia tunajua stori za tivii zinabumbwa ili mambo yaangukie panapotakiwa. Ni kama mtu anakuja kukukopa halafu anaanza kwa kuwasema vibaya watu wanaokopakopa. Ukishacheka naye umekwisha, pochi iko wazi.

Mama yao Marge anazima tivii, inatolewa albamu ya picha, watoto wanapekua wanauliza mbona hamna picha hata moja ya Maggie, mdogo wao wa mwisho? Hilo swali ni msumari. Linapigwa pale ukutani, halafu hakuna anayetundika kitu, Homer anaanza kusimulia mambo mengine kabisa, vichekesho vinaanza kumwagika na wewe unasahau kama kuna msumari.

Stori yenyewe, kabla Maggie hajazaliwa: Homer kamaliza kulipa madeni, anaacha kazi kwenye mtambo wa nyuklia, na haachi kistaarabu, kichwa cha bosi wake mzee Burns anakifanya ngoma, anakipiga kwa viganja kama zile ngoma ndogo za bongo. Anaenda kufanya kazi ya ndoto yake, kwenye ukumbi wa bolingi wa mjomba wa rafiki yake Barney. Mshahara kiduchu ila Marge kapiga hesabu kaona kwa watu wanne inatosha, ngumu lakini inatosha. Basi raha, usiku wanasherehekea kama wanandoa wanavyosherehekea, na hesabu ya watu wanne ikafia hapohapo.

Hapo ndo nilipovua kofia. Hakuna adui aliyekuja kumnyang'anya Homer ndoto yake, Burns hayupo, njama hamna. Furaha ya kuipata kazi ndo imemtoa kazini. Mwandishi mvivu angeleta moto ukumbi uungue, huyu kaleta kitanda.

Naandika sehemu ya pili, msifunge uzi.

Mama Junior:
Chai iko mezani. Endelea baba.

KichwaNgumu:
Mkuu ni katuni hiyo, mtu wa njano anapiga kichwa cha mzee, unataka kutuambia kuna falsafa 😂

FundiSaa:
KichwaNgumu falsafa sijataja, nimetaja ushonaji. Subiri hii hapa.

Marge ana mimba na hataki Homer ajue maana anajua ikijulikana tu ile bolingi basi tena. Anawaambia dada zake wawili, Patty na Selma, mashemeji wa Homer ambao hawampendi hata kidogo, na anawaomba wasiseme. Mnajua inavyoenda. Wanashika simu, tunasikia wanampigia mtu anaitwa Aaronson, halafu Zykowski. A mpaka Z, unadhani wamemaliza kitabu chote cha simu. Kumbe hapana, wamepiga simu mbili tu, hao wawili ndo wambea wakubwa wa mji na ndani ya saa moja kila mtu atakuwa anajua. Mimi hii naiona kama ilitungwa mtaani kwetu kabisa, kila mtaa una Aaronson wake, wala hahitaji bando.

Sasa mji mzima unajua isipokuwa mwenye mzigo. Na hapa ndo kichekesho ninachokiona bora kuliko vyote humo. Moe mwenye baa anamwambia Homer waziwazi, hongera bwana kwa kumpa Marge mimba. Homer anatafakari, anajibu kwamba mazungumzo yanaanza kuwa ya mafumbo lakini asante, kweli anaipenda kazi yake ya bolingi. Kaingiziwa habari yenyewe sikioni, uchi, haina nguo, hajaiona. Kinachofuata Maude jirani yake anampa hongera ya kazi mpya. Kazi mpya tu! Homer anaanza kurudia, kazi mpya... halafu macho yanamtoka, Marge ana MIMBA?? Na anaanza kung'oa nywele.

Mmeona walivyobadilisha funguo? Ya kwanza ilitakiwa ifungue mlango ikagoma, ya pili ambayo si ya mlango ule ndo ikafungua. Na haiwezi kuchekesha kama sisi hatujui, lazima tuwe tumeshajua kabla yake, tumekaa tunamsubiri kwa hamu kama unavyomsubiri mtu ambaye umemwekea chumvi kwenye chai.

KichwaNgumu:
Ok hiyo ya Maude nimeikumbuka nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia. Endelea, sijakubali bado lakini.

Wanjiku_wa_Rongai:
Maze umetaja nywele ukapita haraka sana, rudi hapo. Homer anapoambiwa mimba anapanda ngazi anapiga nduru aking'oa nywele, na wanatuonyesha ni mchezo wa kila mtoto, Bart vivyo hivyo, Lisa vivyo hivyo, sasa Maggie. Yaani upara wa jamaa una sababu tatu na zote zinaishi kwa hiyo nyumba. Nikiwa mdogo nilicheka tu kwa sababu ya sauti, Dan Castellaneta anayemtia Homer sauti anajua kupiga nduru. Lakini cheki vile inafanya kazi na lile swali la picha. Ukishaona jamaa ameng'oa nywele mara tatu, kichwani mwako umeshapata jibu bila kuambiwa, aah kumbe hamna picha za Maggie kwa sababu babake hakumtaka. Wametupeleka njia ya uongo na tumeenda tukicheka.

FundiSaa:
Wanjiku dada yangu hilo sikuwa nimeliona, nimekaa na notibuku usiku kucha sikuliona. Kwa hiyo nywele si kichekesho cha pembeni, ni ushahidi wa uongo. Nakununulia soda.

Wanjiku_wa_Rongai:
Soda tutumie na mpesa 😂

MvitaHalisi:
Wangwana hamjambo. Mimi niseme moja dogo halafu niwawache. Kuna episodi yao ya kabla ya hii, Lisa's First Word, Desemba 3, 1992, hapo mwisho Homer amlaza Maggie kitandani amwambia watoto wakijua kusema mapema ndipo waanzapo kujibizana, heri wewe usiseme hata neno. Azima taa, afunga mlango. Mtoto atoa nyonyo mdomoni asema Daddy. Sauti ile ni ya Elizabeth Taylor, staa mzima waletwa kuja kusema neno moja. Na babake hakusikia, ashatoka.

Sasa ziweke mbili hizi pamoja. Kule mtoto ampenda baba na baba hajui. Huku baba ampenda mtoto, na mtoto pia hajui, maana picha ziko mahali ambapo Maggie hafiki. Hakuna aliyemwambia mwenziwe. Mimi huona huo ndio ufundi wao, wale watu wa Springfield, mji wao, wapendana wakiwa wamepeana migongo.

Mama Junior:
MvitaHalisi umeniharibia usiku wangu ujue.

Dada_Neema:
Naomba niingie nikiwa na fimbo kidogo. Wote mnamlilia Homer na ndoto yake ya bolingi. Marge je? Ndoto yake nani aliuliza? Yeye ndo kapiga hesabu ya mshahara, kabeba mimba, kabeba na siri ya mimba ili mwanaume afurahie kazi yake siku mbili tatu zaidi, na mwisho kile kibao cha kazini kwa Homer kinawekewa picha za mtoto, baba anakuwa shujaa. Episodi naipenda, Julie Kavner na ile sauti yake ya mkwaruzo anaifanya Marge aonekane mtu wa kweli, ila nikiitazama siku hizi macho yangu yanamfuata yeye, kwenye ule ukimya wake.

Na kwa taarifa yenu, kwenye ule mwanzo wa zamani wa kipindi, pale supamaketi Maggie anapitishwa kwenye mashine ya bei kwa bahati mbaya, inasoma 847.63. Dola hizo. Tangu mwanzo kabisa mtoto ana bei kwenye hicho kipindi, na kabla stori haijaanza ulikuwa unaoneshwa bei. Halafu mnashangaa Homer karudi kwenye nyuklia.

FundiSaa:
Dada Neema sina la kupinga, na fimbo imenipata maana waifu amesoma hapa begani kwangu akasema mpe like yangu.

Ila nikuongezee kitu, mimi naona waandishi wanajua. Marge ndo anayezima tivii, Marge ndo anayeleta albamu, yeye ndo kamera ya ile nyumba. Picha za watoto wengine zipo kwa sababu mtu alizipanga. Za Maggie kazichukua Homer. Kwa hiyo ule wizi wa picha, tuuite wizi, ndo mara pekee humo baba kafanya kazi ambayo siku zote ni ya mama. Haitoshi najua.

Ngoja sasa nimalizie mwisho wenyewe.

Homer anajaribu kwanza kuongezewa mshahara bolingi, anaambiwa wateja hamna, leta wateja. Mbinu yake ya kuleta wateja ni kusimama nje na bunduki na kufyatua hewani. Sijui hata niseme nini, huyo ni Homer, akili yake na nia yake njema hazijawahi kukutana. Inashindikana, anaacha ndoto, anarudi kwa Burns kuomba kazi. Na pale mtamboni kuna mlango maalumu kwa watu wanaorudi kuomba, kimlango kidogo, unaingia kwa kutambaa. Hapa nataka muangalie kwamba huo mlango ni kichekesho na wakati huohuo si kichekesho. Sote tumeshatambaa kwenye mlango kama ule, wa kwetu tu huwa una ukubwa wa kawaida. Mimi niliwahi kurudi sehemu niliyoacha kazi kwa mbwembwe, nilikaa kwenye benchi la mapokezi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, na yule dada wa mapokezi alikuwa ndo yuleyule niliyemuaga kwa kumpungia mkono. Benchi lilikuwa fupi. Basi.

Burns anamrudisha, lakini anamfungia kibao mbele ya meza yake ya kazi. Kibao cha kumvunja moyo makusudi, herufi kubwa, kinamwambia asisahau kwamba yupo hapa milele. DON'T FORGET: YOU'RE HERE FOREVER. Unacheka tena, kwa sababu ni ukatili wa kipuuzi, nani anachongesha kibao?

Maggie anazaliwa, Homer aliyekuwa kanuna anamwona, kwisha habari yake.

Halafu tunarudi sebuleni, watoto wanauliza tena swali lile la mwanzo, sasa picha zake ziko wapi? Homer anajibu ziko pale ninapohitaji zaidi kutiwa moyo. Inakata, tunaona meza yake mtamboni. Kile kibao. Picha za Maggie zimebandikwa juu ya herufi, nyingi, huku na kule, na herufi zilizobaki zinasoma DO IT FOR HER.

Hamna mtu anayelia pale, hamna hotuba. Inaishia hapo.

KichwaNgumu:
😐

KichwaNgumu:
Sawa nimekubali. Ila nina swali la kifundi. Ile sentensi ya kwanza haina I hata moja, hesabuni wenyewe. I ya IT imetoka wapi?

FundiSaa:
Hahaha nilikuwa nasubiri mtu aulize. Ni ile N. Picha imefunika N ikabaki mguu mmoja umesimama, unasomeka I. FOR imetoka kwenye FORGET, HER imetoka kwenye HERE ikakatwa mkia. Yaani Homer, mtu asiyeweza kutofautisha hongera ya mimba na hongera ya kazi, huyohuyo kakaa na gundi na kuona kwamba nusu ya N ni I. Ndo maana nasema kilichomponza na kilichomwokoa ni kitu kimoja, kusoma vibaya. Kule kasoma habari vibaya tukacheka. Huku kibao cha bosi kakisoma vibaya kwa makusudi.

MvitaHalisi:
Allah. Kwa makusudi. Hapo umenena.

Bajaji_Namba_Nne:
Wakuu mimi si muongeaji humu ila niseme. Nina picha ya binti yangu nimeibandika juu ya kioo cha mbele kwenye bajaji, sio kwa sababu ya katuni, nilikuwa hata sijaiona hiyo. Abiria kila siku wananiuliza, pole kaka, alipotea lini? Wanadhani tangazo la mtoto aliyepotea. Mama mmoja alinipa elfu tano ya kusaidia kumtafuta, nikamwambia mama yupo nyumbani anakula uji, akanidai elfu tano yake kwa hasira kama mimi ndo nimemdanganya.

Wanjiku_wa_Rongai:
😂😂😂 hii inafaa kuwa episodi yake

Dada_Neema:
Jamani sasa nina swali la lugha. Wale wasimulizi wetu wa kibanda umiza wanaotafsiri sinema papo kwa papo, ile picha ya mwisho mtu angeisemaje? "Fanya kwa ajili yake." Yake nani? Kiswahili hakisemi wa kike au wa kiume, mtu ambaye hajaiona vizuri atadhani anaambiwa afanye kwa ajili ya Burns. Stori yote inageuka, Homer anakuwa chawa wa bosi.

KichwaNgumu:
Chawa wa bosi nimekufa. Si ungesema "fanya kwa ajili ya mwanao."

Dada_Neema:
Unaweza, lakini ule mchezo wa herufi unakufa. Utamu wake ni kwamba maneno ya bosi yenyewe ndo yamegeuzwa, hajaongeza hata herufi moja, kapunguza tu. Kwa Kiswahili inabidi uwe na kibao chako cha kuanzia. Tuseme USISAHAU UPO HAPA MILELE. Ufunike nini ubaki na nini?

FundiSaa:
Nimejaribu dakika kumi. USI... SAHAU... UPO HAPA. Nimepata HAPA na PAPA, papa amepatikana kwa kurudia, haisaidii.

MvitaHalisi:
Mimi nimepata USAHAU. Ufunike SI mwanzoni. Yasomeka "usahau upo hapa milele," yaani ajiambia asahau kama yupo. Si mbaya lakini mtoto hayumo.

Bajaji_Namba_Nne:
Angalieni MILELE peke yake. Funika I. Funika na ile L ya pili.

Dada_Neema:
M, L, E, E...

Dada_Neema:
MLEE.

Mama Junior:
Weeeee.

KichwaNgumu:
Subirini kwanza. MILELE toa I inabaki MLELE, toa L ya pili, MLEE. Mlee! Jamani huyu mtu wa bajaji ni nani?

Bajaji_Namba_Nne:
Nilikuwa kwenye foleni tu mkuu, gari haziendi.

FundiSaa:
Nimesimama. Kweli nimesimama chumbani. Kwa Kiingereza walihitaji kuvunja N ndo wapate neno, sisi ilikuwa imekaa humo humo nzima, ndani ya milele kuna mlee, herufi mbili tu zimeizuia. Na wala haijali ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo na hoja ya Dada Neema imepona, maana mlee anaambiwa yeyote, baba au mama.

Dada_Neema:
Mimi hoja yangu ya Marge bado ipo palepale ila kwa leo naipumzisha.

Wanjiku_wa_Rongai:
Mtu awaambie wale wa Fox, wenye tivii inayorusha The Simpsons, tuko na toleo letu.

FundiSaa:
Wakuu narudisha ripoti. Nimekata boksi la feni, nimeandika MILELE kwa markapeni, nimebandika ukutani karibu na meza ninayofanyia kazi. Picha za binti nilizokuwa nimesafisha studio ni mbili tu, zingine zote zipo kwenye simu. Moja nimeweka kwenye I, moja kwenye L ya pili. Zimetosha kabisa. Waifu kaja kaangalia, kasoma, kanyamaza, kaondoka, karudi na picha ya tatu anaulizia hii unaweka wapi.

KichwaNgumu:
Angalia usije ukaiweka kwenye M na zile mbili zikadondoka, itabaki ILELE, na katoto ka miezi mitano hakanaga habari ya kulala.

FundiSaa:
Saa tisa usiku sasa hivi, kako macho kanacheka na feni. Naiweka kwenye M.